Mikono Nyuma

Mimi ni msaidizi wa darasa katika kitengo cha elimu maalumu, shule ya msingi ya serikali hapa Tanga mjini. Watoto wananiita Anti. Wazazi wengine huniita mwalimu, na mtaani kwangu wapo wanaosema nachunga watoto. Majuzi binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne alinipigia kuniuliza kazi yenyewe ikoje, maana kuna shule karibu na kwao wanatafuta mtu. Nilimweleza mpaka salio likaisha. Nikaona afadhali niyaandike yote mahali pamoja, kwa sababu mengi niliyomwambia yanawahusu pia akina mama, walimu, na yeyote anayeishi na mtoto wa namna hii nyumbani. Majina ya watoto sitayataja.

Mimi ni fundi cherehani, na jioni bado nashona. Shule iliniita kushona aproni za watoto wanaotokwa na udenda. Nikawa napeleka kazi nakaa kidogo, na mwalimu wa kitengo, aliyesomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu cha Patandi kule Arusha, akawa ananiomba nimshikie huyu, nimgeuze yule. Yeye ni mmoja na watoto wanazidi 20. Ndivyo nilivyoingia.

Darasa ni moja lakini ndani yake kuna kila hali. Wapo wenye mtindio wa ubongo, ambao mwili wa mmoja umekakamaa na wa mwingine umelegea. Wapo wenye usonji, ambao Kiingereza huita autism, wenye dauni sindromu, yaani Down syndrome, wenye kifafa, na ambao hakuna aliyewahi kusema wana nini zaidi ya kwamba wanachelewa kuelewa. Ukikaa na mama zao utasikia maneno yaleyale: alichelewa kulia alipozaliwa, alipata manjano siku za mwanzo, tukaambiwa tumwanike juani, malaria ilimpanda kichwani akiwa hajaanza kutembea. Wengine hawajaelezwa chochote, na wamebeba lawama za mawifi miaka yote. Mama wa hivyo namwambia waziwazi kwamba mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa si laana ya mtu, na hakuna alichokula au alichokosea kilichosababisha.

Siku nilipoanza rasmi, mwalimu aliniambia neno moja: usiwafanyie. Nilidhani ananionya nisiwadekeze. Baadaye nikaona ndiyo kazi yote. Mtu yeyote mwenye huruma anaweza kumvalisha mtoto, kumlisha na kumfuta. Kazi inaanzia pale unapomwona mtoto anahangaika, unajua ungemaliza kwa sekunde tano, na unaweka mikono nyuma kama wanafunzi walio mstarini, unasubiri. Wageni hawavumilii. Aliwahi kuja baba mmoja mwenye suti, akamwona kijana wetu anapambana na shati, akanipita akamfunga vifungo vyote, kisha akaniangalia kwa macho ya kunisuta. Kijana alivifungua vyote, akaanza upya.

Nieleze habari ya vifungo, kwa sababu hapo ufundi wangu wa cherehani umeingia darasani moja kwa moja. Kijana huyo ana miaka 11. Mkono wake wa kulia umekunjika ngumi, wa kushoto unafanya kazi vizuri. Nilichukua kipande cha jinzi nikakishonea vifungo sita kwa mstari: cha kwanza kikubwa cha koti la kike, kinachofuata kidogo zaidi, hadi cha mwisho ambacho ni kifungo cha shati la shule. Matundu niliyadarizi kwa uzi mwekundu ili jicho liyaone upesi. Kila kifungo nilikishona kwa shina refu, uzi umezungushwa mara nyingi chini yake, kisimame mbali na kitambaa ili kidole kipate pa kushika. Fundi yeyote anajua kushona kifungo cha koti kwa shina. Hakuna anayefikiria kwamba shati la mtoto huyu nalo linahitaji hivyo.

Halafu tunaanzia mwisho. Hili nalo alinifundisha mwalimu. Mimi nakipitisha kifungo hadi nusu kimetokeza upande wa pili, yeye anakivuta tu. Hapo kifungo kimefungwa, na aliyekifunga ni yeye. Akishazoea kuvuta, nakipitisha kidogo tu, asukume na avute. Baadaye nashika tundu, yeye anafanya mengine. Mwisho anabana ukingo wa kitambaa chini ya kiwiko cha mkono uliokunjika, mkono wa kushoto unatafuta tundu, mimi nasimama. Mtoto anayeanzia mwanzo hukwama mwanzoni kila siku, na kila siku anamaliza kwa kushindwa. Anayeanzia mwisho kila mara anamaliza yeye.

Ilichukua zaidi ya muhula mmoja kufika kwenye kifungo cha shati. Na nyumbani kulikuwa na shida yake. Mama yake anauza chapati, anatoka alfajiri, ana wadogo wawili wa kuvalisha; hawezi kusubiri robo saa kila asubuhi, na simlaumu hata kidogo. Tulikubaliana: siku za shule mama anafunga vyote isipokuwa cha chini kabisa, Jumamosi na Jumapili kijana anajifungia lote hata ikifika saa nne. Mpango wowote usiojua mama anaamka saa ngapi utabaki kwenye daftari.

Kwa wanaouliza kifungo kina maana gani kwa mtoto ambaye pengine hatasoma sentensi ndefu: mtaani kwetu kuna mwanamume mtu mzima anavalishwa na mama yake mwenye presha na magoti mabovu. Mkono mmoja wa mwanamume huyo ni mzima. Hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kifungo kimoja.

Msaada una ngazi zake. Ya juu kabisa ni kushika mkono wa mtoto na kufanya naye. Chini yake ni kumgusa kiwiko tu, kisha kuonyesha kwa kidole, kisha kusema neno, na mwisho kunyamaza. Kazi yangu ni kushuka. Kila mtoto ana mpango wake binafsi ambao mwalimu anauandika na mzazi, na mimi nina daftari ninamoandika leo amesaidiwa kwa ngazi gani. Siandiki "amefanya vizuri". Naandika "kijiko: kiwiko" au "kunawa: neno tu". Daftari hilo ndilo linalomwambia mwalimu kama twende mbele au tubadilishe njia.

Kuna binti yetu hasemi. Ana mtindio wa ubongo, shingo haitulii, mikono inakwenda isikotaka. Mwaka mzima watu walimpita wakidhani hana habari. Ukimshikia vitu viwili mbele yake, kikombe cha maji mkono huu na mdoli mkono huu, ukamuuliza anataka kipi, macho yake yanakwenda kwenye anachotaka. Lakini hayaendi papo hapo. Inabidi kwanza ashinde mwili: kichwa kinakwenda upande wa pili, anakirudisha, kinateleza, anakirudisha tena. Nahesabu kimoyomoyo hadi kumi, wakati mwingine hadi kumi na tano. Mtu mzima wa kawaida hunyamaza sekunde mbili tu kisha anarudia swali, na akirudia, binti anaanza safari yake upya. Anayemuuliza mara tatu kwa haraka amemnyima jibu mara tatu, kisha anasema hajibu.

Sasa ana ubao wa picha nilioushona kwa kitambaa kizito, picha zinabandikwa na kubanduliwa. Ana picha ya "imetosha". Ni picha anayoitazama kuliko zote, na tunaiheshimu, hata katikati ya uji. Kinachoniuma ni wageni wanaoniuliza mimi, mbele yake, "Anaitwa nani? Ana miaka mingapi?" Huwa nawajibu, "Muulize mwenyewe, subiri kidogo." Wengi wanaona aibu wanaondoka. Wachache wanasubiri, na hao binti anawakumbuka.

Mvulana mwenye usonji shida yake ni kengele. Kengele yetu ni rimu ya lori, inagongwa na chuma, na kwake ule mlio ni maumivu. Alikuwa akiziba masikio, anajiuma mkono hadi alama zinabaki. Tulifanya mawili. Kwanza nilimtengenezea kamba ya siku: kadi za picha zimebanwa kwa vibanio vya nguo, mstari, kusoma, uji, choo, kucheza, nyumbani. Kila kimoja kikiisha anaivua kadi mwenyewe anaiweka kikapuni, kwa hiyo anajua kinachofuata. Pili, tulizungumza na mwanafunzi wa darasa la sita anayegonga kengele. Kabla ya kugonga anapita dirishani kwetu, anainua mkono juu. Mvulana anajiandaa, anaziba masikio, mlio unapita. Hatukuhitaji mradi wala mfadhili kwa hilo. Tulihitaji mtoto wa darasa la sita mwenye akili ya utu, na tunaye.

Kulisha ni jambo ambalo naomba kila mtu alisome polepole. Nimeona watoto wengi wanalishwa wamelazwa mapajani, kichwa kimeinuliwa nyuma, uji unamiminwa. Kichwa kikienda nyuma njia ya hewa inakuwa wazi, na uji huingia mapafuni. Mtoto wa hivyo anakohoa kila mlo na kuumwa nimonia mara kwa mara, watu wanasema ana kifua kibovu. Mkalishe wima, nyonga zimekaa nyuma kabisa ya kiti, kidevu kimeinama kidogo. Kijiko kipana kisicho na kina, na kama mtoto hung'ata kwa nguvu kisiwe cha chuma. Leta kijiko kutoka mbele na chini, usilete kutoka juu. Weka kidogo, subiri ameze, angalia koo, ndipo ulete kingine. Uji mzito kiasi ni salama kuliko mwepesi kama maji. Akimaliza abaki wima nusu saa. Mlo mmoja unaweza kuchukua dakika 40, na ndiyo maana uji wa saa nne kwetu ni kipindi kama hisabati.

Ili akae wima anahitaji kiti. Viti maalumu vya kununua ni bei ya kuvunja moyo, sisi tunatengeneza vya makaratasi: maboksi magumu yanakatwa, yanabandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano, yanakaushwa juani, yanapakwa rangi na vanishi. Vikikauka vizuri vinabeba mtoto bila wasiwasi. Masika vinachukua muda mrefu kukauka na ukiharakisha vinaoza ndani. Mkanda wa kifuani nashona mimi, kitambaa cha kanga mbili na sponji katikati, usikate ngozi. Kila mtoto anapimwa chake. Kiti cha mwenzio kinakupindisha mgongo.

Choo. Watu hawapendi kulisema, lakini ni sehemu kubwa ya siku yangu na ni mahali ambapo heshima ya mtoto ama inalindwa ama inavunjwa. Kabla sijamgusa yeyote namwambia, "Nakuinua sasa. Nakuvua sasa." Hata asiyesema. Hata niliyemwinua jana na juzi. Mtoto aliyeshikwa na kila mtu tangu kuzaliwa, bila kuulizwa, anajifunza kwamba kila mkono una ruhusa, na watoto wenye ulemavu wamo kwenye hatari kubwa kuliko wengine ya kuchezewa. Kwa hiyo tunafundisha majina ya sehemu zote za mwili bila kuona haya, tunafundisha "hapana" kwa mdomo au kwa picha, na tunaikubali hiyo hapana wanapoitumia kwetu. Mtoto haendi chooni na mtu mzima mmoja mlango ukafungwa. Tuna pazia, na mtu wa pili yupo karibu anasikia. Wasichana wetu wanavunja ungo kama wengine. Taulo za kitambaa nawashonea, na wawili tayari wanajibadilisha wenyewe kwa kufuata picha zilizobandikwa ukutani.

Kifafa nitakipitia haraka. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, legeza kola, tazama saa. Usitie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimnusishe kitunguu wala mafuta ya taa. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni hospitali. Dawa zisikatishwe ghafla hata kama hajaanguka mwaka mzima.

Kijana mmoja wa kiti mwendo ana akili ya hisabati, akakubaliwa darasa la nne la kawaida kwa kipindi hicho. Nilimpeleka, nikakaa ubavuni mwake kumshikia daftari hadi alipozoea. Nilichokiona ni kwamba nikiwa pale hakuna mwanafunzi aliyemsemesha. Aliyetaka kumuuliza kitu aliniuliza mimi, na mwalimu wa somo alinielekeza mimi hesabu badala yake. Tukakubaliana na mwalimu wangu nisogee. Kwanza dawati la nyuma, kisha mlangoni, sasa nampeleka na kumfuata tu. Daftari nimelibana kwenye meza kwa vibanio viwili. Wapo wawili wanaogombania kusukuma kiti. Nimewafundisha breki, na kwamba wamuulize kwanza kama anataka kusukumwa. Siku hizi wanamsema kama wanavyosemana wenyewe, amewahi hata kushtakiwa kwa kuonyeshea majibu. Msaidizi aliyeng'ang'ania ubavuni anageuka ukuta, na nasema hivi kwa wenzangu wote wenye nia njema.

Sasa habari ya malipo, ambayo binti wa simu aliniuliza mwisho kwa sauti ya chini. Mimi nalipwa na wazazi wa kitengo. Walikaa kikao wakakubaliana wenyewe kuchangia, kwa kadiri ya mtu, na wengine wao ni wauza mihogo. Mwezi wa shida najua nitapata nusu, na siwezi kumdai mama ambaye ameshalipa bajaji ya kumleta mtoto kwa sababu daladala haziwachukui. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kuandikishwa shule kama wenzake na kupewa huduma za msaada anazohitaji ili ajifunze. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema hivyohivyo. Huduma ya msaada ni mtu. Ni mikono, mgongo na macho ya mtu anayekula na kulipa kodi ya nyumba. Natamani siku moja kazi hii iwe na mafunzo yake, hata ya miezi michache, na mshahara unaojulikana, ili mtoto asitegemee kama fundi cherehani atapita karibu na shule yao. Hilo nalisema kwenye kila kikao ninachoalikwa, na nitaendelea kulisema.

Binti, kama bado unaitaka kazi: nenda ukaone siku nzima kabla ya kukubali. Muulize mwalimu kama mipango binafsi imeandikwa na kama utaonyeshwa. Uliza choo kiko wapi na kiti kinapitaje. Jifunze kuinua kwa magoti, usiinue kwa kiuno, na mtoto mzito msimwinue chini ya watu wawili. Kata kucha.

Na kwa wale mnaokuja tarehe 3 Desemba, siku ya watu wenye ulemavu duniani, na katoni za biskuti na soda na kamera: asanteni kwa kutukumbuka. Lakini robo ya watoto wetu biskuti kavu inaweza kuwapalia. Tuleteeni sabuni ya maji, maboksi magumu ya friji na televisheni, unga wa ngano, vifungo vikubwa vya makoti ya mitumba, mabaki ya vitambaa kwa mafundi, na saruji mifuko michache ya kumalizia njia ya kiti hadi chooni. Mje siku yoyote ya kawaida, saa nne, wakati wa uji. Mtakaa, mtanawa mikono, na kila mmoja atapewa mtoto mmoja na kijiko kimoja.